Kamati ya Presha ya Mulama

Ukiugua Kaloleni hapa Nairobi, swali la kwanza si unaumwa wapi. Swali la kwanza ni mwenyekiti ni nani. Hapo ndipo tulipofika, na hakuna anayeona haya. Mtu akioa, kamati. Mtu akifa, kamati. Mtoto akiitwa chuo kikuu, kamati, hata kabla mama yake hajamaliza kupiga vigelegele. Kwa hivyo presha ya Mulama ilipopanda, mkewe Kageha hakulia wala hakukaa chini akashika tama. Aliunda kamati.

Mulama alikuwa dereva wa foklifti katika kiwanda cha mabati huko Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kuinua mizigo mizito na kuiteremsha bila kumponda mtu, na kwa miaka yote hiyo hakuwa ameponda hata kidole. Siku moja wauguzi waliletwa kiwandani wapime kila mtu. Mulama akafungwa ule mkanda mkononi, sista akaitazama mashine, akamtazama Mulama, akaitazama mashine tena.

"Baba, hapa umekuja kwa miguu yako?" akauliza.

Kazi ikasimama hapo hapo. Aende nyumbani, ameze dawa, apumzike, apunguze stresi, halafu mwisho wa mwezi arudi kliniki apimwe. Presha ikiwa imeshuka, atarudi kwenye foklifti yake. Isiposhuka, kiwanda kitatafuta dereva mwingine. Na hilo la dereva mwingine ndilo lililokuwa dogo.

Lilikuwa dogo kwa sababu Kageha alijua presha humpeleka mtu wapi. Kaka yake alianguka bafuni asubuhi, mswaki bado mdomoni, na hakuinuka tena. Mazishi yale Kageha ndiye aliyeyaongoza. Alitafuta basi la kwenda kwao Vihiga, akasimamia wapishi, akawapangia wageni mahali pa kulala, akawapatanisha mashemeji waliokuwa wakigombania nafasi ya kuzungumza. Watu wakamsifu: tazama mwanamke jasiri, hata chozi! Jasiri wapi? Hakuwa na nafasi. Alipomaliza kurudisha sufuria za watu, wenzake walikuwa wameshalia wakanyamaza, na yeye akaona aibu kuanza peke yake.

Sasa mumewe anaingia nyumbani na vidonge mfukoni, anasema kwa sauti ndogo, "Wanasema ni presha." Kageha aliogopa. Aliogopa mpaka ikabidi ashike meza. Na kwa vile alijua jambo moja tu la kuifanyia hofu, alichukua simu akafungua grupu la WhatsApp.

Mwenyekiti akawa yeye, na Lydiah, jirani wao wa ukuta mmoja, akawa katibu. Mureithi, yule anayeweka hema na viti vya mtaa, akawa mweka hazina. Hazina yenyewe haikuwepo, lakini jaribu kumwacha Mureithi nje ya kamati uone atakavyonuna. Wajumbe wengine ni wale wale ambao ungewakuta kwenye matanga yoyote kuanzia Kaloleni hadi Mbotela. Hawa ni watu wazuri, wallahi. Ukifiwa, watakubeba mpaka mwisho. Shida ni kwamba huko kubeba ndiko walikozoea, na mtu aliye hai hajui jinsi ya kubebwa.

Kageha alikuwa na elimu ya mambo haya. Kanisani kwao kulikuwa na semina, akaja msichana mmoja mpole kutoka mjini, anazungumza kwa sauti ya kumlaza mtoto. Aliwafundisha kwamba msongo wa mawazo si lazima ukuue. Pumua taratibu. Tembea kila siku. Lala vya kutosha. Punguza chumvi. Usijifungie na mawazo yako, zungumza na watu. Cheka. Sikiliza nyimbo za utulivu. Mambo mazuri hayo, na hakuna hata moja linalouzwa dukani. Sasa yakabidhi kwa kamati.

Asubuhi ya kwanza Kageha alimsimamisha mumewe uani.

"Pumua."

"Napumua, Kageha."

"Si hivyo! Taratibu! Unakimbilia wapi?"

"Nimezoea kupumua hivi."

"Ndiyo maana ukapata presha! Pumua nimesema!"

Mulama akapumua. Akapumua mpaka kichwa kikazunguka, akaomba kukaa. Lydiah aliyekuwa akitazama juu ya ua akatangaza kwenye grupu kwamba mgonjwa ameanza vizuri ila ana kizunguzungu, na maombi yakaanza kumiminika.

Kutembea nako kukawa maandamano. Mtu aambiwe atembee, si atatembea? La. Nyuma yake kulikuwa na Lydiah, nyuma ya Lydiah wajumbe, kila mmoja na chupa ya maji endapo mgonjwa atahisi kiu. Wakifika Jogoo Road wenye vibanda wanauliza, huyo mzee mnampeleka wapi? Na Lydiah, ambaye hajawahi kunyimwa sauti na Mungu, anawaeleza wote kwamba ni presha, ni mbaya sana, mwombeeni. Mulama alikuwa akirudi nyumbani amechoka kwa aibu kuliko kwa miguu.

Chumvi ilifichwa. Redio ilifichwa, kwa sababu ya habari. Halafu kukawa na suala la mpira. Mulama aliipenda timu yake tangu akiwa mtoto, na timu hiyo ilimtesa tangu akiwa mtoto. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba asitazame mechi, aletewe matokeo tu, tena yale mema. Ikawa kila wikendi anaambiwa wameshinda. Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili aliuliza mabao yalifungwa na nani. Mara ya tatu alimtazama Mureithi machoni akamwambia, "Mureithi, niambie ukweli. Daktari amewaambia ninyi kwamba mimi nakufa?"

"Nani amesema hivyo?"

"Timu yangu haiwezi kushinda mechi tatu mfululizo. Mnanificha jambo."

Mureithi ndiye aliyepewa zamu ya kumchekesha. Alikuwa mcheshi kweli, ila hadithi zake zote alizipata matangani, huko anakopeleka viti. Kila hadithi ilikuwa na marehemu ndani. "Sasa huyo mzee," anaanza, akijipiga paja, "alikuwa na presha kama yako hii hii..." Kageha alisikia akiwa jikoni, akatoka na mwiko.

Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: asiachwe peke yake. Kwenye matanga mfiwa haachwi peke yake, huo ni utaratibu, na kamati haikuona kwa nini presha iwe na utaratibu mwingine. Wakaja kwa zamu. Wakakaa kitini mkabala naye, wakamtazama, wakaguna, wakasema "ndiyo hivyo," wakanywa chai. Chooni tu ndiko alikoachiwa nafasi, na alianza kukaa huko muda mrefu hivi kwamba kamati ikaongeza tumbo lake kwenye ajenda.

Mitchelle, binti yao aliyekuwa akisoma ususi, ndiye aliyethubutu kusema. "Mathe, si umwache tu mzae akae?"

"Akae na nani?"

"Akae tu."

"Mgonjwa hakai tu, Mitchelle. Mgonjwa anakalishwa. Leta hiyo thermosi."

Mulama hakulalamika, na hapo ndipo Kageha alipozidi kuogopa. Mwanamume aliyezoea kubishana hata na taa za barabarani sasa alikuwa akitii kila kitu. Anameza dawa, anapumua, anatembezwa, anakula mboga isiyo na ladha, anasema asante. Usiku analala ameutazama ukuta. Kageha naye analala ameitazama dari, anasikiliza kama bado anahema, na kila mmoja anajifanya amelala kwa ajili ya mwenzake.

Jioni moja, kabla mtu wa zamu hajafika, Mulama alimshika Kageha mkono akipita na beseni.

"Na wewe unaendeleaje?"

"Mimi? Niko sawa. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa. Nakuuliza wewe."

"Mulama, usiniletee mambo ya kupandisha presha. Kunywa maji."

Akamwachilia mkono. Kageha akaenda zake na beseni, akajiambia kwamba amefanya vyema, hakumwonyesha kitu.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kesho yake ndiyo kliniki. Lydiah akaja na wazo, na mawazo ya Lydiah huja yakiwa yamekwisha kukubaliwa: kamati ifanye siku kamili ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kupimwa. Watu waje baada ya ibada, wakae naye kwa upole, waimbe nyimbo za utulivu, wacheke kidogo, wale. Mulama mwenyewe apewe chakula mapema alale, ili wakimwamsha awe ametulia.

Nyumba za Kaloleni mnazijua, zilijengwa kama za mtu mmoja na sanduku lake. Watu wote hao wataenea wapi? Mureithi akasema hiyo si shida. Akalileta hema. Lile lile la buluu ambalo kila mtu wa mtaa huo amewahi kulia chini yake. Akapanga viti vya plastiki kwa mistari kama mikono yake inavyojua kupanga, vya mbele vikitazama mlango wa nyumba. Akina mama wakawasha moto uani, wakateleka sufuria kubwa. Wakafunga leso viunoni. Kwaya ikafika na sare, na hapo kukawa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: nyimbo za furaha za kwaya ile zote ni za kuruka, na nyimbo za taratibu zote wanazozijua ni za kuzika. Semina ilisema taratibu. Wakaimba za taratibu.

Sasa wewe jifanye unapita barabarani. Unaona hema la buluu kwa Mulama. Unaona viti. Unaona moshi wa kuni, unasikia kwaya ikimsindikiza mtu ng'ambo ya mto. Na wiki zote hizi umesikia habari za presha yake kutoka kwa Lydiah mwenyewe. Utasema nini? Utasema amepona?

Kageha alikuwa amesimama kwenye sufuria akionja mchuzi ambao haukuwa na cha kuonjwa, aliposikia ukelele kutoka upande wa barabara.

"Uuuwi! Mulama! Mulama umetuacha na nani?"

Alikuwa Celine kutoka Mbotela. Celine na Kageha walianza kuuza mboga pamoja wakiwa wasichana, na Celine akilia, analia kwa mwili mzima, mikono kichwani, anayumba, leso inaburuta chini. Nyuma yake kulikuwa na umati wa Mbotela. Wesonga, anayefanya kazi na Mulama kiwandani, alikuwa amebeba mikate na sukari, macho mekundu. Mbele ya hema, kwaya iliposikia kilio, ilifanya ilichofundishwa kufanya kilio kikifika. Iliongeza sauti.

Kageha akaacha mwiko. Akamwendea Celine haraka, mikono mbele, amwambie anyamaze, Mulama yuko ndani amelala, hakuna kitu, ni kamati tu. Maneno yote alikuwa nayo. Lakini Celine alimwahi. Alimkumbatia kwa nguvu, akamkandamiza kichwa begani, akamwambia sikioni, "Pole, dada yangu. Pole. Pole sana."

Na Kageha hakuwa ameambiwa pole na mtu yeyote tangu presha ianze. Mulama aliambiwa pole. Kazi iliambiwa pole. Yeye aliambiwa hongera.

Alifungua mdomo aseme hajafa. Kilichotoka kilikuwa kilio. Kilitoka kikubwa, kibaya, cha sauti asiyoijua, hata akina mama kwenye sufuria wakageuka. Akamlilia mumewe aliyelala ndani mzima. Akamlilia kaka yake na mswaki wake. Akalia mpaka Celine akashuka naye chini, wakakaa kwenye vumbi na nguo zao za ibada. Wajumbe waliojua kwamba Mulama ni mzima wakamwona mwenyekiti wao analia hivyo, nao wakaingiwa na shaka. Lydiah akakimbilia dirishani kuchungulia. Mureithi, ambaye alikuwa amempelekea Mulama ugali kwa mkono wake mwenyewe, akavua kofia.

Mlango ukafunguliwa. Mulama akatoka na fulana na shuka kiunoni, uso umejaa alama za mto.

Msichana mmoja wa kwaya alizirai. Wesonga aliangusha sukari. Mzee mmoja wa Mbotela alianza kukemea kwa jina la Yesu, na alikuwa amefika mbali kabla Mitchelle hajamshika mkono na kumwambia, "Guka, tulia, ni buda yangu, ako poa, alikuwa amelala tu."

"Amelala?" Wesonga akapaza sauti. "Nimeacha kazi ya Jumapili, nimekuja nikilia njia nzima, amelala?"

Mulama alilitazama hema. Akavitazama viti, sufuria, kwaya. Akaelewa, maana naye amekaa kwenye viti hivyo mara nyingi. Uso wake ulianza kufunguka kana kwamba anataka kucheka. Halafu akamwona mkewe chini.

Huko chini Celine alikuwa amekwisha kumwona. "Kageha," alinong'ona, "si huyo yuko hai?"

"Ndiyo," Kageha akasema katikati ya kwikwi. "Yuko hai."

"Sasa mbona unalia?"

"Sijui. Haki sijui. Siwezi kunyamaza."

Celine alifikiria kidogo. Kisha akajipanga vizuri pale chini, akanyoosha miguu, akamvuta kichwa mwenzake mapajani. "Basi lia," akasema. "Si tumekwisha kuja."

Lydiah akasogea, akainama, akasema kwa upole wa katibu, "Mwenyekiti, lakini saa hii ilikuwa ya kucheka."

"Lydiah," Celine akamwambia bila kuinua macho, "toka hapa."

Kwa hivyo Kageha akalia. Watu walikaa, maana wangeenda wapi, chakula kilikuwa kimeiva. Walikula huku wakilalamika kwamba hakina chumvi, mpaka Mitchelle akaingia chumbani akaifukua kutoka kwenye sanduku la nguo na kuipitisha kwa kila mtu isipokuwa baba yake. Wesonga aliapa hatawasamehe, akala sahani ya pili. Mulama hakula. Alikuja akakaa chini kwenye vumbi, upande wa pili wa Celine, na shuka lake. Hakuna aliyemwambia apumue. Jua likashuka nyuma ya nyumba za mtaa, na wale watatu bado walikuwa pale.

Asubuhi walikwenda kliniki wawili tu. Kamati iliomba kuwasindikiza, Kageha akasema hapana, na sauti yake ilikuwa imekauka kiasi kwamba hawakubishana.

Sista alimfunga Mulama mkanda, akabonyeza, mashine ikanguruma. Kageha aliutazama mkanda ukifura, hakuweza kuitazama namba. Sista akaiandika. Akafungua mkanda, akaufunga tena, akapima mara ya pili.

"Imeshuka," akasema. "Bado unahitaji dawa, usije ukaziacha. Lakini imeshuka vizuri. Kwenye foklifti yako utarudi. Niambieni, mmekuwa mkifanya nini?"

Kageha alisimama wima. Ripoti alikuwa nayo kichwani: matembezi, pumzi, chumvi, zamu, semina, yote kwa mpangilio. Akafungua mdomo, lakini Mulama ndiye aliyejibu.

"Jana usiku nililala, sista. Tangu muniambie nina presha sikuwa nimelala hata usiku mmoja. Jana nililala mpaka asubuhi."

Kageha akageuka. "Kila usiku ulikuwa unalala. Nilikuwa nakuona."

"Nilikuwa naangalia ukuta."

"Na jana kulikuwa na nini?" sista akauliza.

Mulama aliusugua mkono pale mkanda ulipobana. "Huyu mama alilia," akasema. "Wiki zote hizi kila mtu kwangu ana kazi yake. Huyu maji, huyu dawa, huyu kunitembeza. Wanajua la kufanya wote. Mimi nikilala najiuliza, mbona hakuna anayeogopa? Nikaona kumbe ni mimi peke yangu ninayeogopa hapa." Akakohoa kidogo. "Jana nikajua tuko wawili."

Sista akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu. Kageha alitaka kumwambia mumewe anyamaze, asijiletee mawazo, presha itapanda tena mbele ya sista. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Hakuyasema. "Niliogopa sana, Mulama," akasema. "Na bado naogopa." Mulama akasogea kwenye benchi, akampa nafasi akae.